Madini joto hayahitaji kusafishiwa njia

Siku hizi matone ya iodini yanauzwa kwa maelezo yanayoingia akilini upesi. Mnunuzi huambiwa kwamba floraidi ya dawa ya meno, klorini ya maji ya bomba na bromini ya mikate zimeikalia nafasi ya iodini mwilini, na kwamba matone hayo yatazifukuza na kurudisha uwiano. Maelezo hayo yana chembe ya kemia, ndiyo maana yanaaminika. Lakini mwenye kuyafuata anaweza kujidhuru, huku tatizo lake halisi likibaki kwenye kopo la chumvi.

Florini, klorini, bromini na iodini ni za kundi moja, halojeni. Hata hivyo, mwili hauzitumii kwa namna moja. Kloraidi ndiyo nyingi kuliko zote: imo katika damu, na tumbo huitumia kutengenezea asidi ya kusaga chakula. Floraidi huenda kwenye meno na mifupa. Bromaidi huingia kidogo kidogo na chakula, kisha hutoka na mkojo. Iodini, ambayo wengi tunaiita madini joto, hukusanywa na tezi dundumio iliyoko mbele ya koo, chini ya kikoromeo.

Seli za tezi hiyo zina mlango maalumu wa kuvuta iodini kutoka kwenye damu. Ikishaingia, hutengenezewa homoni mbili: moja ina atomu 4 za iodini, nyingine ina 3. Homoni hizo ndizo zinazoongoza matumizi ya nguvu mwilini, mapigo ya moyo, ukuaji na ujenzi wa ubongo. Mlango huo haupitishi floraidi. Bromaidi hupita kwa shida, na kiasi kilichomo katika chakula cha kawaida hakiwezi kuishinda iodini. Kloraidi nayo, pamoja na wingi wake wote, haiuzibi.

Miongoni mwa vinavyouziba kweli ni thaiosayaneti, ambayo si halojeni. Mwili huitengeneza unapoondoa sumu ya sianidi iliyomo katika mihogo isiyoandaliwa vizuri. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, nchini Kongo, watafiti akiwemo François Delange wa Ubelgiji walikuta jambo la kushangaza: upungufu wa iodini ulikuwa kisiwa kizima, lakini rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, lilikuwa limeenea zaidi upande wa kaskazini. Uchunguzi wao uliwafikisha kwenye mihogo. Dawa yake haikuwa kuacha kula mihogo. Muhogo ukilowekwa au kuvundikwa, kisha ukaanikwa vizuri, sumu yake hupungua sana, na mtu anayepata iodini ya kutosha hadhuriki sana na kile kinachobaki.

Wengi huamini kwamba watu wa pwani hawawezi kupungukiwa na madini joto. Pemba imeonyesha vingine. Uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta upungufu kisiwani humo, penye samaki na mwani, kwa kuwa karibu chumvi yote ya majumbani haikuwa imetiwa madini joto. Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, lakini iodini yake ni kama mikrogramu 60 tu. Hata iodini yote ingebaki baada ya maji kukauka, gramu 5 za chumvi hiyo zisingefikisha mikrogramu 9. Mtu mzima anahitaji 150 kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha anahitaji 250.

Hicho ni kiasi kidogo mno. Mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 60 hayafiki gramu 4. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya miaka, hivyo hutaka kupewa mara kwa mara. Mama akikosa madini joto mwanzoni mwa mimba, mtoto aliye tumboni hukosa homoni wakati ubongo wake unajengwa na tezi yake bado haijaanza kazi. Hasara hiyo hairudishwi baadaye kwa dawa wala shule nzuri.

Sasa turudi kwenye matone. Tone moja la dawa ya Lugol ya asilimia 5, mojawapo ya matone hayo ya iodini, lina iodini zaidi ya mikrogramu 6,000, yaani zaidi ya mara 40 ya mahitaji ya siku. Tezi ikizidiwa hivyo inaweza kupunguza kazi au kufanya kazi kupita kiasi. Katika miaka ya 1990, Zimbabwe na Kongo zilishuhudia wagonjwa waliokwenda mbio mapigo ya moyo na kukonda ghafla baada ya chumvi yenye iodini nyingi kuingia sokoni. Dawa ya Lugol ina kazi yake, lakini mwenye kuipanga ni daktari.

Floraidi ikizidi huleta madhara yake. Arusha na Kilimanjaro tunayaona kwenye meno yenye rangi ya kahawia na, kwa wengine, mifupa iliyopinda. Iodini haitibu hilo. Kinachosaidia ni chanzo salama cha maji, kuchuja kwa mkaa wa mifupa kama ilivyofanyiwa kazi Ngurdoto, na kupunguza magadi katika maharage na makande.

Kwa iodini, nunua chumvi iliyoandikwa kuwa na madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, jua na unyevu. Isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima: ikiwa na miligramu 30 za iodini kwa kilo, kiasi hicho kinatoa mikrogramu 150. Chumvi inayopimwa kwa kisado sokoni inaweza kudondoshewa dawa ya kupimia. Yenye madini joto hugeuka bluu papo hapo. Maofisa afya wawe na dawa hiyo ya kupimia katika kila soko, na wazalishaji wadogo wa chumvi wapatiwe potasiamu iodeti kwa bei wanayoimudu. Tukifanya hivyo, mtoto wa Pemba na wa Idjwi watapata madini joto yao katika chakula cha kila siku, bila kuuziwa matone na mtu yeyote.