Wanafunzi wa Sanaa Wabishe Hodi Kwanza

Desemba 1962, alipolihutubia Bunge la Jamhuri mpya ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa imani kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Tangu hapo haja ya kuwapeleka wanafunzi wa sanaa vijijini imesemwa mara nyingi. Linalosahauliwa ni namna ya kwenda.

Tuitazame Madibira, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, katika bonde la Usangu karibu na mpaka wa Iringa. Pale wakulima wadogo hulima mpunga katika skimu kubwa ya umwagiliaji inayotumia maji ya mto Ndembera. Chuo kitakachopeleka wanafunzi Februari au Juni, wakati wa kupandikiza au wa kuvuna, kitawakuta wazee na watoto tu. Wenyeji wako majarubani. Wakati unaofaa ni baada ya mavuno, mpunga ukiwa umeingia ghalani na vyuo vikuu viko katika likizo ndefu. Basi tarehe na ipangwe na serikali ya kijiji, si na ofisi ya chuo.

La pili ni jambo lenyewe la kutengenezewa sanaa. Ndembera huelekea kwenye oevu la Ihefu, na maji yake huishia katika Ruaha Mkuu, mto ulioanza kukauka wakati wa kiangazi katika miaka ya 1990. Mkulima, mfugaji, mvuvi na bwawa la umeme la Mtera wote wanayatazama maji hayo hayo. Jambo kama hili ni zito kulisema mkutanoni mbele ya kiongozi. Katika mchezo au ngoma husemeka bila mtu kuvunjiwa heshima.

Njia hii si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Walichunguza matatizo ya kijiji pamoja na wenyeji, wakatunga pamoja nao, na onyesho likafuatwa na mjadala wa hadhara. Mwanafunzi pale alikuwa mgeni anayejifunza. Vivyo hivyo, atakayekwenda Nyanda za Juu Kusini akae kwanza miguuni pa msusi wa vikapu vya milulu wa Iringa na mfinyanzi wa Kikisi wa Kyela kabla ya kufungua makopo yake ya rangi.

Msomaji wa visiwani atauliza: Madibira yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa mchele wa Mbeya unapikwa pia katika vyungu vyetu, na kwa kuwa sisi tunao ushahidi wa jambo hili. Mwaka Kogwa wa Makunduchi hufanyika kila Julai kwa sababu ni mali ya wenyewe. Mgeni hukaribishwa, lakini hapangi.

Kwa viongozi wa serikali tuna maombi matatu. Maafisa utamaduni washirikishwe tangu mwanzo, wala wasiitwe siku ya ufunguzi tu. Bajeti itenge posho ya mafundi wa kijijini, kwani ujuzi wao ni kazi kama kazi nyingine. Na kitakachochorwa, kufinyangwa au kurekodiwa kibaki kijijini, au kichukuliwe kwa ridhaa ya waliokitengeneza.

Zaidi ya yote, kiongozi atakayeketi kutazama awe tayari kusikia yasiyompendeza, na kurudi baadaye kueleza yaliyotendeka. Pasipo hayo, wanakijiji watakuwa wamepoteza siku ya kazi kwa ajili ya picha za wageni, na safari ijayo hodi haitaitikiwa.