Kibarua wa Nusu Kilo

Gunia la mahindi la kilo 50 halibebwi kwa mikono. Mgeni wa kazi hujulikana siku ya kwanza: huinama, hulikumbatia, hulivuta kwa mgongo, na adhuhuri ikifika hata kufunga kamba za viatu ni taabu. Aliyezoea hulilaza gunia pajani, hulipiga kwa nyonga, na kabla halijaanza kushuka ameshaingiza bega chini yake. Nimekula na kuvaa kwa kazi hiyo kwenye barabara inayotoka Kitale, ikapita Lodwar, Kakuma na Lokichoggio hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Mvua ikinyesha milimani na lori likazama kwenye laga, yaani mto wa msimu, hakuna ujanja: shusha mzigo wote, lisukume, pakia upya. Mwenye mali hulia. Sisi hatulii, maana tunalipwa kwa gunia.

Ndiyo maana nilipoonyeshwa video ya Vasily Alekseyev, bingwa wa Kisovieti wa kunyanyua vyuma, nilimwelewa kabla ya kuelezwa. Aliyenionyesha ni mzee Mhabeshi mwenye hoteli Kakuma, aliyekuwa askari enzi za utawala wa Mengistu nchini mwao na kupelekwa Urusi kwa mafunzo. Wateja humuuliza habari za vita. Yeye huwajibu kwa habari za jitu lenye tumbo lililomwagikia mkanda, nyusi nene, na uzito wa zaidi ya kilo 150.

Mchezo wenyewe si mgumu kuufuata. Kuna mitindo miwili. Wa kwanza, chuma kinatoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Wa pili, kinapandishwa mabegani, mtu anavuta pumzi, kisha anakirusha juu na kunyoosha mikono. Kila mtindo una majaribio matatu, na lililo bora la kila mtindo hujumlishwa. Hadi mwaka 1972 kulikuwa na mtindo wa tatu, wa kusukuma kutoka mabegani bila kukunja magoti, lakini ukafutwa kwa sababu watu walikuwa wakijipinda nyuma mno na waamuzi wakashindwa kujua nani amefanya haki. Fimbo ya wanaume, kabla hujaitia sahani hata moja, ni kilo 20. Washindani hugawanywa kwa uzito wa mwili, na kundi la mwisho halina dari. Enzi za Alekseyev lilianzia juu ya kilo 110. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 lilianzia juu ya 102. Ukishapita hapo, kula upendavyo.

Sasa itazame video polepole. Utagundua kwamba chuma hakipandi sana. Mnyanyuaji hukivuta kwa miguu na nyonga, na mara kinapokuwa chepesi kwa nukta moja, yeye ndiye hushuka, hujikunja chini yake kama aliyesukumwa, kisha husimama nacho. Ni yaleyale ya gunia na bega. Watu huona tumbo la Alekseyev wakadhani ni nguvu za ng'ombe dume, lakini mtu wa kilo 150 anayeshuka chini ya chuma kwa kasi ile ana miguu ya mchezaji ngoma.

Na wembamba msivunjike moyo. Mwaka 1988 kule Seoul, Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, katika kundi la kilo 60, alinyanyua kilo 190 kwa mtindo wa pili. Hizo ni zaidi ya mara tatu ya mwili wake, jambo ambalo hakuna jitu la kundi la juu lililolikaribia. Kwa haki ya hesabu, yeye ndiye mwenye nguvu. Lakini gunia halikuulizi una kilo ngapi. Linataka kupanda kwenye lori. Kwa hiyo jina la mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani hubaki kwa majitu.

Alekseyev alizaliwa mwaka 1942 katika mkoa wa Ryazan, akakulia kaskazini kwenye vijiji vya wakata magogo, kisha akahamia Shakhty, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Alijifundisha mwenyewe kwa sehemu kubwa, kwa mazoezi aliyojibunia, jambo lililowaudhi makocha. Januari 1970 akavunja rekodi zake za kwanza za dunia. Machi mwaka huohuo, mjini Minsk, akawa mtu wa kwanza kufikisha jumla ya kilo 600 kwa mitindo mitatu. Baadaye mwaka huo, mjini Columbus nchini Marekani, akawa wa kwanza kupandisha na kurusha zaidi ya pauni 500, yaani kama kilo 227. Tangu hapo hakushindwa hadi 1978: mataji manane ya dunia mfululizo, dhahabu ya Olimpiki Munich 1972, nyingine Montreal 1976, ambako alimwacha wa pili, Gerd Bonk wa Ujerumani Mashariki, kwa kilo 35. Pengo hilo katika mchezo huu ni aibu kwa wanaofuata.

Ila kilichonifurahisha mimi ni namna alivyozivunja rekodi. Zilikuwa 80. Enzi zile rekodi ilihesabiwa hata ukiipita kwa nusu kilo, na inasimuliwa kwamba serikali ilimlipa zawadi kwa kila rekodi mpya. Basi fikiria: una nguvu za kuongeza kilo tano leo. Ukiziongeza zote mara moja, umelipwa mara moja. Ukiongeza nusu, ukarudi nyumbani, ukaja tena mashindano yajayo na nusu nyingine, umelipwa mara kumi. Wapo waliomsema kwa hilo. Mimi kama mtu wa kulipwa kwa gunia sioni kosa. Tajiri mmoja wa malori aliwahi kutuambia tukimaliza mapema atatuongezea. Tulikimbia, tukamaliza jua likiwa bado kali, akatulipa kilekile. Tangu siku hiyo hatukimbii.

Aliyenyanyua uzito mkubwa kuliko wote ni Lasha Talakhadze wa Georgia. Desemba 2021, mjini Tashkent, alinyanyua 225 kwa mtindo wa kwanza na 267 kwa wa pili, jumla 492. Hizo 267 ni magunia matano na ziada, juu ya kichwa. Ana dhahabu tatu za Olimpiki: Rio, Tokyo na Paris. Ana pia adhabu ya miaka miwili aliyoipata mwaka 2013 kwa dawa zilizokatazwa, na sitaificha. Kuhusu Alekseyev hatuna la kusema kwa uhakika, kwa kuwa Olimpiki ilianza kupima dawa za kujenga misuli mwaka 1976 tu, alipokuwa tayari amekaa kileleni miaka sita.

Vijana wa Kakuma wanaojaza saruji kwenye mikebe ya mafuta na kuichomeka kwenye bomba huniuliza kama kwetu linaweza kutoka jitu. Mwili wa namna ile ni chakula cha miaka mingi bila kukatika, na sisi tunatoka mahali ambapo ukame ukizidi mama huchemsha mbegu za mti wa edapal saa nyingi ndipo watoto wale. Huwa nawataja wakimbiaji watano waliotoka kambi ya wakimbizi ya hapa Kakuma wakaingia timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki mwaka 2016. Kisha namtaja Cyrille Tchatchet wa Kamerun, aliyebaki Uingereza baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2014, akalala chini ya daraja Brighton, akapewa hifadhi, akasomea uuguzi wa afya ya akili, na akanyanyua chuma Tokyo kwa bendera ya wakimbizi. Alimaliza wa kumi katika kundi la kilo 96. Huyo ni wa saizi yetu.

Kilichobaki ni ubishi wangu na mzee kuhusu Moscow. Mwaka 1978, Gettysburg, Alekseyev aliumia na kutoka mashindanoni. Akapotea miaka miwili. Olimpiki ya 1980 ilipofika nyumbani kwao, akatokea akiwa na miaka 38 na kuomba kuanza na kilo 180 kwa mtindo wa kwanza. Sheria ni kali hapo: ukishajaribu uzito unaweza kurudia au kupanda, kushuka huwezi. Alijaribu mara tatu, akakosa mara tatu, na bila mtindo wa kwanza huna jumla. Sultan Rakhmanov akachukua dhahabu kwa kilo 440, jumla ileile aliyoipata Alekseyev Montreal.

Mzee husema ni kiburi. Angeanza na 170 angeondoka na medali.

“Apa,” humwambia, “Montreal alibeba 185. Kwake 180 ilikuwa punguzo.”

“Montreal ilikuwa miaka minne nyuma, kijana wangu. Wewe gunia la miaka minne nyuma unalibeba vile vile?”

Hapo mimi huagiza chai nyingine. Baadaye Alekseyev alirudi akiwa kocha, na Barcelona mwaka 1992 timu yake ya jamhuri za zamani za Kisovieti ilichukua dhahabu tano, ya kundi la juu ikienda kwa Aleksandr Kurlovich. Mzee anadai hiyo ndiyo kazi iliyomfaa tangu 1978. Mimi bado namtetea, ingawa siku hizi magunia ya juu ya lori huwaachia vijana.