Dawati Analo, Rafiki Je?

Wengi wetu wa mwaka wa pili tunasubiri kupangiwa shule za mazoezi ya kufundisha. Makala hii nawaandikia ninyi kwanza. Ila wewe wa uhandisi au sheria usifunge ukurasa, mwishoni nakuja kwenu pia.

Mwaka jana nilipangiwa sekondari moja ya kutwa, Kidato cha Pili, somo la Kiswahili. Wanafunzi 72 katika chumba kimoja. Kati yao alikuwamo mvulana mmoja mwenye ualbino. Dawati lake lilikuwa mbele kabisa karibu na ubao, kama tunavyofundishwa, kwa sababu watu wenye ualbino huwa na uoni hafifu. Kofia pana anayo, shati la mikono mirefu analo. Kwenye andalio la somo nikaandika kwamba mwenye mahitaji maalumu amezingatiwa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Saa nne ikagongwa kengele ya mapumziko. Darasa likamwagika nje: wengine foleni ya mihogo na maandazi, wavulana kwenye chandimu, wasichana kwenye rede. Yeye akabaki dawatini. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya pili ndipo nikashtuka: urafiki wote wa shule ile ulikuwa unafanyika juani, na jua ndilo adui wa ngozi yake. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemcheka, angalau mbele yangu. Mahali penyewe pa kupatia marafiki ndipo palipomtoa.

Kuwapo si kuwa mmoja wao

Tunaposema elimu jumuishi, mara nyingi tunahesabu waliomo darasani. Na kuhesabu si kosa, maana vita vya kuingia shuleni bado havijaisha. Juni 1994, wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, wakiwamo wenye ulemavu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikapatikana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hizo ni hatua kubwa.

Lakini sheria inaweza kumpa mtoto dawati, haiwezi kumpa rafiki. Mwanafunzi kiziwi anaweza kukaa katikati ya wenzake 70, na kama hakuna hata mmoja anayejua Lugha ya Alama, basi yuko peke yake kama aliyefungiwa stoo. Mtoto aliyehamia kutoka kijijini na lafudhi yake, akichekwa siku ya kwanza aliponyoosha mkono, hanyooshi tena hadi mtihani wa taifa. Kwenye mahudhurio wote hawa wana alama ya vema kila siku.

Na usidhani ni suala la huruma tu. Mtu asiye na wa kumuuliza "jana mwalimu alisemaje?" anakosa nusu ya shule. Tuseme ukweli, mengi tunayoyajua sisi tuliyaelewa kwa kuelekezwa na wenzetu.

Kosa langu

Nilipoona hali ile nikafanya ambacho wengi wetu tungefanya. Niliteua wanafunzi wawili wawe wanamsomea ubaoni na kukaa naye wakati wa mapumziko, kwa zamu. Nilijisikia vizuri kweli. Siku ya nne nikamsikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Leo zamu yangu imeisha, nenda wewe." Mvulana alikuwa palepale, anasikia.

Baada ya kipindi nikamwita. Hapo ndipo nilipomuuliza kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe anaonaje, swali nililopaswa kuanza nalo. Akaangalia chini, kisha akasema, "Madamu, mimi kila siku nasaidiwa tu."

Sentensi hiyo ilinirudisha kwenye madaftari ya saikolojia ya elimu, yale tunayokariri usiku wa kuamkia mtihani na kuyasahau kesho yake. Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu chuki baina ya makundi, alieleza kwamba kuwaweka watu tofauti mahali pamoja hakutoshi kuondoa dharau. Alitaja masharti manne: wawe na hadhi sawa katika shughuli ile, wawe na lengo moja, wategemeane kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono jambo hilo waziwazi. Mpango wangu wa zamu ulivunja sharti la kwanza kabisa. Nilikuwa nimewagawa wawe wasaidizi na msaidiwa, halafu nashangaa urafiki hauji.

Mbinu ya vipande

Mwaka 1971, katika mji wa Austin, Texas, shule zilizokuwa zimetenga watoto kwa rangi zilianza kuwachanganya, na ugomvi ukazuka. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliitwa kusaidia. Walichokiona darasani ni watoto wakishindana kunyoosha mikono, kila mmoja akifurahia mwenzake anapokosea. Wakabadilisha mpangilio. Darasa likagawanywa katika vikundi vidogo vilivyochanganyika, somo likakatwa vipande, na kila mtoto akapewa kipande kimoja ambacho wenzake wa kikundi hawana. Ukitaka kulielewa somo lote, lazima umsikilize kila mmoja, hata yule uliyezoea kumdharau. Ukimcheka akanyamaza, wewe ndiye unayekwenda kwenye mtihani na pengo.

Nikaamua kuijaribu kwenye fasihi simulizi. Tanzu ni nne: hadithi, semi, ushairi na sanaa za maonyesho. Wanafunzi 72 wakawa vikundi 18 vya watu wanne, kila mmoja na utanzu wake. Kwanza, wenye utanzu mmoja walikutana kwa makundi ya watu sita kusoma na kuulizana, ili asiwepo wa kurudi mikono mitupu. Halafu kila mtu akarudi kwenye kikundi chake kufundisha. Nilitumia vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na nikawaambia mapema kwamba kesho kuna jaribio la tanzu zote nne.

Yule mvulana nilimpa semi. Maelezo yake niliyaandika kwa kalamu nzito, herufi kubwa, kwenye nusu karatasi ya manila, nikampa jana yake akasome nyumbani. Sikumwonea huruma: alikuwa na kazi sawa na ya wengine, nilichobadilisha ni ukubwa wa maandishi tu. Kumbe kalelewa na bibi, vitendawili anavyo debe zima. Kikundi chake kilicheka mpaka mkuu wa idara akachungulia dirishani.

Baada ya jaribio, mapumziko yale, wasichana wawili walibaki darasani wakibishana naye kuhusu tofauti ya nahau na methali. Hawakutumwa na mtu. Wiki iliyofuata niliomba ruhusa tukahamishia bao moja la drafti chini ya mwembe. Siku nyingine alikuwapo pale akisubiri zamu ya kucheza, siku nyingine alibaki darasani. Wengi bado walikimbilia mpira. Sisemi kwamba dunia ilibadilika.

Na mbinu yenyewe ina shida zake. Kelele ni nyingi. Vikundi viwili vilikwama kwa sababu mmoja wao hakuwa amesoma kipande chake. Mara moja tu haitoshi, lazima irudiwe wiki hadi wiki. Ila inafanya kitu ambacho hotuba ya "tupendane" haiwezi: inawafanya watoto wahitajiane.

Utakapofika shuleni

Kwa hiyo, ndugu mwalimu mtarajiwa, nakuachia mambo manne. Wiki ya kwanza usiishie darasani, zunguka wakati wa mapumziko uone nani yuko peke yake na mahali gani. Muulize mwenyewe kabla ya kumpangia chochote. Usimteulie walinzi, mpe kazi ambayo wenzake wanaihitaji. Na kama una mwanafunzi kiziwi, fundisha darasa zima ishara chache, salamu na majina yao, wewe ukiwa wa kwanza kujifunza, kwa sababu watoto wanamtazama mwalimu kujua nani ni wa kuheshimiwa.

Sasa narudi kwetu chuoni. Muhula uliopita kikundi chetu cha kazi ya pamoja kilikuwa na mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu. Sisi tulizoea kukutana ghorofa ya pili, ambako hakuna lifti. Tukamwandikia, "Usijali, jina lako tutaliweka." Tukaliweka kweli, akapata alama zilezile tulizopata sisi. Nami nilikuwamo, tena nimetoka kwenye mazoezi nikiwa na hadithi ya drafti na mwembe. Siku ya kuwasilisha mhadhiri akamuuliza swali moja, akakosa la kusema. Akatutazama. Hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

Vimbweta viko chini, tena kivulini, hatua chache kutoka lango la maktaba. Muhula huu tunakutana pale, na sehemu ya kwanza ya kazi anayo yeye. Asipokuja, hatuna pa kuanzia.