Washirika au Wanachama? Lugha na Maamuzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki

Uwanda wa juu wa Ufipa ni miongoni mwa maeneo yanayoilisha Tanzania mahindi, na soko la mahindi hayo huvuka mipaka ya nchi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Soko lilifungwa kwa barua ya mamlaka moja ya nchi moja, na siku chache baadaye likafunguliwa kwa masharti. Nchi hizo zilikuwa katika Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010. Mkulima wa Laela ana haki ya kuuliza: katika Jumuiya ya Afrika Mashariki nani huamua, na kwa lugha ipi?

Jibu laweza kuanzia katika istilahi. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 huziita nchi zilizoungana kwa jina la Kiingereza ambalo tafsiri yake ya karibu ni "nchi washirika". Magazeti na redio husema zaidi "nchi wanachama". Tofauti hiyo si ndogo. Mwanachama hufungwa na kanuni za chama, na wenzake wakipiga kura wanaweza kumshinda. Mshirika ana fungu lake, mfano wa wakulima wawili waliochangia kununua plau: haiendi shambani kwa mmoja mpaka mwenziwe aridhie.

Kwa namna inavyoamua, Jumuiya ni ya washirika. Mkutano wa Wakuu wa Nchi, ulio juu ya vyombo vyote, huamua kwa kauli moja. Maana yake halisi ni kwamba kila nchi ina uwezo wa kuzuia. Baraza la Mawaziri, kamati zake na Sekretarieti huandaa na kutekeleza. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, nao huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, si na wananchi moja kwa moja. Muswada wake hauwi sheria mpaka wakuu wote wauridhie. Hata marekebisho ya Mkataba hayaanzi kutumika mpaka nchi zote ziyathibitishe.

Hatari ya utaratibu huu si ya kufikirika. Jumuiya ya 1967 iliongozwa na marais watatu. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, mikutano ya marais ikakoma, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Leo washirika si watatu tena bali ni wanane. Umoja wa Ulaya, kwa kulinganisha, huamua mambo mengi kwa asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu. Huko neno "mwanachama" lina uzito wake kamili.

Kiswahili chenyewe kilipitia mlango huohuo mwembamba. Ibara ya 137 ya Mkataba ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2015 Kamisheni ya Kiswahili ilianza kazi Zanzibar. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha azimio la kutaka Kiswahili kiwe lugha rasmi. Wakuu wa Nchi wakaridhia Februari 2021, pamoja na Kifaransa. Kuridhiwa, hata hivyo, si kutumiwa. Ibara ya 30 humpa mkazi yeyote wa nchi mshirika haki ya kulipinga tendo la nchi mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki ndani ya miezi 2, ila ibara ya 46 iliifanya lugha ya Mahakama hiyo kuwa Kiingereza. Miezi 2 ni muda mfupi mno kwa mkulima anayetafuta kwanza mtu wa kumsomea.

Kuna jambo jingine, la sarufi. Kiswahili cha taarifa rasmi hupenda kauli ya kutendwa: "imeamuliwa", "imekubaliwa". Mtenda hutoweka. Msomaji wa Sumbawanga hawezi kujua kama aliyeamua ni Wakuu wa Nchi, Baraza la Mawaziri au ofisi ya nchi moja, kwa hiyo hajui amlalamikie nani. Pale mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa kwa miezi 3 katika Ziwa Tanganyika, tangazo liliwafikia wavuvi wa Kirando na Kasanga kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa jema, lakini nyuma yake ulikuwapo mwafaka wa nchi nne zenye ziwa hilo, ambazo mojawapo, Zambia, haimo katika Jumuiya. Mtafsiri anayeandika "nchi nne zimeamua" badala ya "imeamuliwa" humwonyesha mvuvi mlango wa kubisha.