Mafuriko Yakija, Nani Amekosa?

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Utete, Ikwiriri au Kibiti, unaujua vizuri Mto Rufiji. Mto huu ni mlezi wako. Ukifurika kwa kiasi, huacha tope lenye rutuba. Maji yakipungua, unapanda mahindi katika unyevu huo. Hicho ndicho kilimo cha mlao. Lakini mto huohuo ukizidi, huchukua mpunga, nyumba na hata watu.

Wazee wanakumbuka mafuriko ya mwaka 1968. Baada yake Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko. Mafuriko makubwa yalikuja tena mwaka 1998, mwaka 2020 na mwaka 2024. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalizamisha mashamba mengi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Watu waliacha nyumba zao, wakakimbilia mahali pa juu.

Siku kama hizo swali gumu huzuka. Watu husema, "Tumemkosea Mungu nini?" Wengine humtazama jirani aliyefiwa, wakanong'ona, "Lazima alifanya jambo."

Je, maneno hayo ni ya haki? Tuone mapokeo ya Wakristo yanasema nini.

Ayubu na rafiki zake

Katika Biblia kuna Kitabu cha Ayubu. Ayubu alikuwa mtu mwema na tajiri. Kwa muda mfupi alipoteza mifugo yake na watoto wake wote. Kisha akaugua majipu mwili mzima. Wengi wa wakazi wa Rufiji ni Waislamu. Wao pia wanamjua Nabii Ayubu na subira yake.

Rafiki zake watatu walikuja kumpa pole. Waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Baadaye walifungua vinywa, wakamwambia kwamba bila shaka alitenda dhambi. Ayubu alikataa. Alilia, akalalamika, akamwuliza Mungu maswali makali.

Mwisho wa habari ni wa ajabu. Mungu hakumweleza Ayubu sababu ya mateso yake. Lakini aliwakemea wale rafiki, kwa kuwa hawakusema kweli. Ayubu ndiye aliyewaombea.

Mnara ulioanguka

Injili ya Luka inaeleza kwamba mnara wa Siloamu ulianguka, ukaua watu 18. Yesu aliwauliza wasikilizaji kama wale waliokufa walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawataka wote watubu. Maana yake, kila mtu auchunguze moyo wake mwenyewe, asiupime wa marehemu.

Pengine utauliza, "Na gharika ya Nuhu je? Ile haikuwa adhabu?" Ndiyo, Biblia inasema ilikuwa adhabu. Lakini katika habari ile Mungu mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Wewe na mimi hatukupewa kazi ya kumhukumu jirani aliyepatwa na maafa.

Maji yanatoka wapi?

Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mvua kubwa ikinyesha mbali, kwenye nyanda za juu, maji hushuka mpaka kwako. Huenda Utete kuna jua siku hiyo. Maji hayo hayachagui shamba la mwema wala la mwovu.

Basi yako maswali mengine ya kuuliza. Mvua za juu zikizidi, habari inatufikia kwa njia gani? Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Maji mengi yakifunguliwa huko, kijiji kinaambiwa mapema? Nyumba zetu tumezijenga wapi? Maswali haya yanafaa kupelekwa mkutano wa kijiji. Mtu akiridhika kusema, "Ni dhambi ya fulani," hatauliza maswali hayo. Mwaka mwingine maji yatamkuta palepale.

Tufanye nini?

Chukua mfano huu. Mama mmoja amepoteza mpunga wake wote. Mtoto wake amechukuliwa na maji. Utakwendaje kwake?

Kwanza, nenda. Usingoje kupata maneno mazuri. Keti naye mkekani kama rafiki za Ayubu walivyoketi mwanzoni.

Pili, mwache alie. Kulia si kukosa imani. Yesu mwenyewe alilia alipokwenda kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro. Zaburi nyingi ni vilio na manung'uniko mbele ya Mungu.

Tatu, usimweleze sababu usiyoijua. Usimwambie, "Mungu amekuadhibu." Wala usimwambie, "Una watoto wengine." Mwambie, "Pole sana, mama. Tuko pamoja nawe." Hayo yatosha.

Nne, mpelekee unga, maji safi na nguo. Maji yakipungua, mpe mbegu. Nenda na jembe lako mkalime pamoja shamba lake la mlao.

Ndugu msomaji, imani ya Kikristo haijibu kila "kwa nini". Ayubu hakujibiwa. Lakini inatukataza kumwongezea mtu mzigo wa lawama juu ya mzigo wa msiba. Inatutaka tuubebe mzigo huo pamoja naye.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Rafiki za Ayubu walifanya vema wapi? Walikosea wapi?
2. Je, umewahi kusikia mtu aliyefiwa akilaumiwa? Yeye alijisikiaje?
3. Kijiji chenu hupata habari za mafuriko kwa njia gani? Ifanyweje ili zifike mapema?
4. Taja mambo matatu ambayo darasa lenu linaweza kumfanyia mtu aliyepatwa na maafa.