Nani Ajue Kwanza

Katika nyumba za Wakalenjin zinazolizunguka jiji la Eldoret, posa haikuwa siri ya watu wawili, wala haikuwa habari ya barabarani. Wazee wa kijana walifika kwa wazazi wa binti, wakaketi, na kabla ng'ombe hawajatajwa wakaulizana ukoo na mnyama wa ukoo, ili isije ikafungwa ndoa iliyoharamishwa na mila. Hatimaye ikaja koito, siku ya kuafikiana mahari, mursik, maziwa yaliyochachushwa, ikanywewa, na jirani akajua kwa kuwa wakati wake wa kujua umewadia.

Taratibu hiyo leo imepinduka. Binti aliyekunywa chai na mwenziwe kando ya Barabara ya Uganda hupandisha kwenye “status” ya WhatsApp picha ya vikombe viwili na mkono wenye bangili ya shanga, isiyo na uso wala jina, akadhani amejisitiri. Kumbe shangazi yake wa Kapsabet aijua bangili hiyo, maana ndiye aliyeitunga. Picha itatoweka baada ya saa 24, lakini imekwisha nakiliwa, na jioni baba anapewa hongera kwa habari ambayo bintiye hajamwambia. Fadhaa ya mzee huyo naiona kuwa ya haki kabisa.

Sisemi wapendanao wafichwe. Mwanamume anayemficha mwenziwe kwa ndugu na rafiki mwaka baada ya mwaka ana jambo jingine analolisitiri, na mwanamke ana haki ya kumsaili. Faragha ninayoitetea ni ya kumtanguliza mama, shangazi na sahibu wa kweli mbele ya umati usiojulikana, hasa wakati wa ugomvi, kwa sababu wawili hupatana usiku uleule, ilhali waliosoma matusi yao mchana hawakuwapo kwenye suluhu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inailinda faragha ya mtu na jamaa zake, na sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 humtoza anayesambaza picha za siri za mwenziwe faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Lakini hata kabla ya kufikia sheria, picha ya wawili ni amana ya wawili: anayetaka kuipandisha aombe idhini kwanza, na mapenzi yakiisha ifutwe katika simu zote mbili, na pia katika hifadhi za mtandaoni, ambako simu nyingi hupeleka nakala zenyewe pasipo mwenye simu kukumbuka.