Mkumbo Huvunjwa na Mtu Mmoja

Vijana wa chuo wameketi wakitazama kadi mbili. Ya kwanza ina mstari mmoja, ya pili ina mistari mitatu. Kila mmoja ataje kwa sauti ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule wa kwanza. Kazi ni nyepesi, na raundi mbili za mwanzo wote wanakubaliana. Raundi ya tatu, wa kwanza anataja mstari ambao ni mfupi waziwazi. Wa pili anataja huo huo. Wa tatu vilevile, na wa nne. Zamu inamfikia kijana aliye karibu na mwisho. Anakodoa macho, anainama mbele kuitazama kadi upya, anatabasamu kwa aibu. Ajibu nini?

Asichokijua ni kwamba wenzake wote wamepangwa wakosee. Aliyewapanga ni Solomon Asch, mwanasaikolojia mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani mwaka 1920. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwapima vijana 123 kwa njia hiyo. Katika raundi 18, kundi lilikosea kwa makusudi mara 12. Watu wakijibu peke yao, makosa hayafiki asilimia 1. Mbele ya kundi, asilimia 36.8 ya majibu yaliangukia upande wa wengi. Takriban robo tatu ya vijana walifuata mkumbo angalau mara moja.

Kwa nini mtu ayakane macho yake? Mwaka 1955, Morton Deutsch na Harold Gerard walitenganisha sababu mbili. Ya kwanza ni kutafuta ukweli: tunaamini kwamba wengi wanajua tusichokijua. Mgeni Kariakoo asiyejua kituo cha daladala hufuata waendako wengi, na mara nyingi hafanyi kosa. Ya pili ni kuogopa kutengwa. Asch alipowahoji vijana wake, wapo waliosema walidhani macho yao yana kasoro. Wengine walijua wazi kwamba kundi limekosea, ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Nguvu ya hofu hiyo ilidhihirika pale kijana aliporuhusiwa kuandika jibu lake kwa siri huku wengine wakitamka: makosa yalipungua sana.

Kiasi cha kufuata wengine hutegemea pia maisha ya jamii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1967, John Berry aliwalinganisha wakulima Watemne wa Sierra Leone na wawindaji Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada. Watemne walielekea zaidi upande wa kundi. Kwa maelezo yake, jamii inayolima na kugawana akiba ya chakula huwalea watoto katika ushirikiano na utii. Mwindaji hulelewa ajitegemee.

Jaribio la Asch husimuliwa kama ushahidi kwamba binadamu ni bendera fuata upepo. Mimi naona jambo lake kubwa liko kwingine. Kijana akipingwa na mtu mmoja, karibu hayumbi. Wakiwa wawili, makosa hufika asilimia 13.6, watatu, asilimia 31.8. Kuanzia hapo, kuongeza watu hakubadilishi mengi. Lakini Asch alipomweka chumbani mtu mmoja tu anayesema kweli, makosa yalishuka hadi robo ya yale ya awali. Hata mpinzani aliyekosea zaidi kuliko kundi lenyewe aliwafungua wengine midomo: makosa yalibaki asilimia 9 tu. Kinachotubana, basi, ni kule wote kuwa na kauli moja kuliko wingi wao.

Somo hili linagusa kila kikao chetu, iwe cha ukoo, cha bodi ya shule au cha chama cha akiba na mikopo. Tumezoea kusema wengi wape, na ni haki; ila mikono yote ikiinuka pamoja, bado hatujui wangapi wameridhika na wangapi wameogopa. Mwenyekiti mwenye busara akusanye maoni kwa karatasi kabla ya mjadala, awape nafasi wadogo waseme kabla ya wakubwa, na amlinde anayepinga hata kama hoja yake ni dhaifu. Nawe ukiona kosa, sema mapema. Huenda usishinde, lakini jirani yako aliyeona kama wewe atapata ujasiri wa kusema alichokiona.